Mgeni Asiyeimba Kwetu

9 Novemba

Mpendwa mtoto wa kaka yangu, Kipaza,

Pokea salamu za watu wote wa nyumba hii, walio wima na walio vitini. Baba yako ni mzima. Cherehani yake imefungwa mota ya umeme, na sasa anashona haraka kuliko anavyofikiri, ndiyo maana suruali ya mwalimu mkuu imetoka na mguu mmoja mfupi. Bibi yako naye hajambo. Anaulizia kama huko chuoni wanakupa nafasi ya kunywa maji katikati ya hotuba. Mimi niko vilevile, kiti cha kushoto, mguu juu ya breki ya mwalimu, nikiomba wanafunzi wangu wafaulu kabla sijazeeka.

Sasa nije kwenye neno lenyewe. Mgeni amefika.

Unamkumbuka: yule ndege mwenye mkia wa rangi ya kutu, ambaye kila mwaka huja kukaa juu ya pipa la mazoezi ya kurudi nyuma katika uwanja wangu wa mafunzo ya udereva. Hakuna mwanafunzi ambaye hajaligonga pipa lile. Ndege huruka, akangoja vumbi litulie, akarudi. Ana subira kunishinda. Lakini katika miaka yote hiyo sijawahi kumsikia akitoa sauti hata ya kukohoa. Nilidhani ni bubu. Juzi mwanafunzi mmoja aliyefaulu akaniletea zawadi ya kitabu cha ndege, nikamkuta humo, na kumbe nilimsingizia. Sauti anayo, huiacha kwao. Na kwao ni huko huko unakosoma wewe, kwenye majabali ya juu kaskazini mwa mji wenu. Huko hujenga kiota, huvaa koti jipya, kichwa buluu na kifua rangi ya chungwa, kisha hupanda hewani na kuimba. Akija kwetu huvua koti na kunyamaza, kama karani aliye likizo.

Nataka kwenda kumsikia. Kumwona namwona kila siku. Kumsikia ndiko nitakako. Mwezi Mei. Likizo nimekwisha iomba. Sitaki msafara wa watalii wanaofuata kibendera. Nataka gari la kukodi, wewe pembeni na ramani, na uhuru wa kusimama popote ndege atakaposimama. Ulizia taratibu za huko.

Nijibu kwa barua. Usinipigie simu. Simu zinakatikakatika, na tena maneno ya simu hayana adabu: yanaingia sikio hili, yanatokea lile.

Ni mimi shangazi yako, ambaye uwanja mzima bado unamwita Mama Breki.


2 Desemba

Shangazi mpendwa, mlezi wangu na mpinzani wangu wa kwanza katika mjadala,

Nakuamkia shikamoo iliyovuka mipaka bila kukaguliwa. Naendelea vizuri. Chumba changu kina dirisha moja linalotazama kituo cha basi, na mwenzangu wa chumbani, anayesomea uuguzi, ameniwekea sharti kwamba nisifanye mazoezi ya hotuba akiwa amelala. Masomo yanakwenda. Harakati zinakwenda zaidi. Nimechaguliwa kuwa msemaji wa umoja wa wanafunzi wanaodai mabasi zaidi na magari binafsi machache, na wiki iliyopita nilisimama juu ya benchi la mkahawa wa chuo mpaka mpishi akazima taa.

Ndiyo maana barua yako imenitia katika mtihani. Gari binafsi ni nini, Shangazi? Ni sebule iliyotiwa magurudumu ili mtu asije akasalimiana na majirani zake! Ni kiti kimoja chenye mtu na vinne vyenye hewa! Nimesema maneno haya mbele ya umati, nikapigiwa makofi, kisha nikarudi chumbani nikakuta shangazi yangu wa damu ananituma kukodi gari. Nitawatazama vipi wenzangu? Nitasema nini benchi likiniuliza?

Nimefanya utafiti. Lipo basi. Linatoka hapa asubuhi, linapita mabonde mawili, linafika kijiji cha chini ya majabali. Toka hapo ni kupanda kwa miguu, na mguu hauna dhambi. Nakusihi ulifikirie basi.

Jambo lingine dogo. Najua umenikataza, lakini Jumapili nilikupigia simu. Ulipokea. Nikakuamkia, ukaitikia. Nikakuuliza unataka gari la ukubwa gani, ukanijibu kwamba ndiyo, mvua imenyesha vizuri. Nikakuuliza tena, ukasema baba yuko kazini. Kisha ukaniaga kwa furaha kubwa. Laini zetu ni mbovu kiasi hicho?

Mwanao asiyenyamaza,
Kipaza


11 Januari

Kipaza wangu,

Salamu zako nimezigawa, na kila mmoja amepata haki yake. Baba yako amenunua miwani mipya na amegundua kwamba kitambaa alichokiita kijivu mwaka mzima ni kijani. Bibi yako anasema mpishi aliyekuzimia taa apewe ulezi wako rasmi.

Kuhusu simu: mvua ilikuwa imenyesha kweli. Tuendelee.

Kuhusu basi. Mimi sina ugomvi na basi. Nusu ya madereva wa mabasi ya hapa walipitia mikononi mwangu, na walioligonga pipa zaidi ndio wanaopiga honi zaidi. Lakini nijibu, msemaji wa umoja: ndege akitua kwenye ukingo wa barabara, nitamwambia dereva asimamishe abiria wote ili mimi nitoe darubini? Wale wenye safari za hospitali na za harusi wanikodolee macho? Unatetea wengi, sawa. Basi usiwape wengi adhabu ya shangazi yako. Gari la kukodi kwa siku chache, tukawaachia watu basi lao, hiyo ndiyo haki ya umma. Kalipigie makofi hilo juu ya benchi.

Nataka gari dogo, la gia za mkono. Haya mapya yanayojibadilishia gia yenyewe siyataki. Kuyaendesha ni kula kwa kulishwa. Liwe na kioo kikubwa cha nyuma. Rangi usinichagulie nyekundu, ndege ataona tunamwigiza.

Hapa uwanjani tuko salama, ila fundi wetu amekuwa na maneno mengi. Eti klachi ya gari la mafunzo inalia tangu mwezi uliopita, na eti ananishangaa kulitumia hivyohivyo. Nimemwambia mafundi wana masikio ya kutafuta kazi.

Mgeni bado yupo. Jana alikula panzi juu ya boneti, injini ikiwaka, bila hofu. Nilimtazama mpaka mwanafunzi akaniuliza kama somo limekwisha.

Shangazi yako


20 Februari

Shangazi mpendwa,

Nisamehe kwa kuchelewa. Baridi imetugandisha, mitihani imetuchachafya, na Jumamosi zangu siku hizi zina shughuli ambayo si ya chuo wala si ya harakati, nayo tuiache ilivyo. Mwenzangu wa chumbani anakuamkia. Amesoma barua yako kuhusu haki ya umma, kwa idhini yangu, na amesema kwamba sasa anajua nilikoupata ugonjwa.

Nimeshindwa hoja. Nimekwenda ofisi ya kukodisha magari, kando ya stesheni ya treni: kaunta ndefu, mmea mmoja wa plastiki, na mwanamume mwenye tai iliyofungwa kama kamba ya mbuzi. Anasema utahitaji leseni yako ya nyumbani pamoja na kibali cha kimataifa. Anasema tulizunguke gari kabla ya kutia sahihi, tuoneshe kila mkwaruzo, tupige picha, maana mkwaruzo usioandikwa wakati wa kuondoka unakuwa wako wakati wa kurudi. Bima isome yote, hasa maandishi madogo. Kioo na matairi mara nyingi hayamo.

Kumbuka pia kwamba huku wanashika kulia, na usukani uko kushoto. Usiiache klachi ghafla, magari haya yana hasira. Gia ya nyuma haiingii kwa kusukuma tu; kuna pete chini ya kirungu cha gia, uiinue kwa vidole viwili ndipo uisukume, la sivyo utaingia gia ya kwanza na kurukia ukuta. Kwenye kipilefti tazama kushoto, ingawa kwetu tunatazama kulia. Ukikata kona, shika upande wako. Mwili utakuvuta uende upande wa nyumbani.

Hayo ni ya barabarani. Nina swali jingine, na nimeliandika na kulifuta mara nyingi kuliko hotuba yoyote. Baba amenisimulia, akicheka, kwamba ukiitwa kutoka nyuma siku hizi huitiki, na kwamba redio yako inasikika mpaka kwa fundi viatu. Yeye anadhani ni maringo. Mimi nimeyaweka pamoja: simu, klachi, redio.

Shangazi, unasikia?

Kipaza


15 Machi

Mtoto wa kaka yangu,

Sote hatujambo. Baba yako amepata kandarasi ya sare za shule na nyumba imejaa kola. Bibi yako amekataa kuamini kuwa kuna mahali maji yanaganda mtoni, anasema umeanza kutumia chumvi ya siasa.

Mgeni ameondoka. Siku moja yupo, siku ya pili pipa ni pipa tu.

Sasa nikuulize mimi. Hiyo pete ya gia ya nyuma, ulielezwa na yule mwenye tai? Usinidanganye, mwanangu, nimefundisha udereva kabla hujajua kutambaa. Pete ile mtu haambiwi akaikumbuka kwa vidole viwili. Huijua mtu aliyewahi kutaka kurudi nyuma akaenda mbele. Na huyo “mwili utakuvuta uende upande wa nyumbani”, mwili wa nani huo? Wewe ambaye nilikubembeleza nikufundishe, ukanijibu mbele ya wageni kwamba hutashika usukani mpaka kila mwananchi awe na kiti kwenye basi! Jumamosi unafanya nini, Kipaza?

Shangazi yako

Nimeifunga barua nikaifungua tena.

Daktari wa masikio ameniambia kwamba sauti nyembamba ndizo huondoka kwanza, na kwamba kwangu zimeshafunga mizigo. Sauti za watoto, kengele, ndege. Nene zitachelewachelewa. Amenipa vifaa viwili vya kuvaa masikioni, vidogo kama maharage. Vimo ndani ya kasha lao, ndani ya mkoba wangu, na humo vitabaki. Mwalimu wa udereva mwenye vidude masikioni ni mwalimu wa kuogelea aliyevaa boya; nani atamfuata majini? Nimewafundisha watu hawa kubadilisha gia kwa kuisikiliza injini. Nitawaambia nini?

Nataka kumsikia Mgeni mara moja, kwa masikio niliyozaliwa nayo, wakati yangalipo. Hiyo ndiyo safari. Umeuliza, nimejibu. Baba yako asijue.


8 Aprili

Shangazi yangu,

Leo salamu zitangulie kwa kasi, maana nina ungamo. Naam. Jumamosi najifunza gari.

Nilianza Desemba, siku chache baada ya ile simu ya mvua. Nilijiambia: ikiwa shangazi hasikii vizuri, hataweza kuendesha ugenini, basi mtu lazima ashike usukani, na mtu huyo hawezi kuwa benchi. Mwalimu wangu ni mzee mpole asiyepiga kelele, nami nimemkosa wa kunipigia kelele. Siku moja kwenye taa nyekundu wenzangu wa umoja walivuka mbele ya gari, bango mkononi, maneno ya bango ni yangu mwenyewe. Wakasimama. Wakanitazama nimefunga mkanda, mikono yote miwili juu ya usukani. “Msemaji!” mmoja akaita. “Umetekwa?” Nikatikisa kichwa kwamba ndiyo. Taa ikawa kijani, gari likazimika, wakanisukuma. Waliusukuma ubepari kwa mikono yao, Shangazi, na walifanya hivyo kwa moyo mkunjufu.

Nimefaulu. Leseni ninayo. Nikaenda kwa yule mwenye tai kifua mbele, nikaiweka juu ya kaunta kama mtu anayetua karata ya ushindi. Akaitazama tarehe, akanirudishia kwa ncha ya kidole. Gari la kukodi hapewi mtu ambaye leseni yake haijatimiza mwaka. Nilimhutubia. Watu waliokuwa kwenye foleni walinisikiliza kwa makini na wawili walikubaliana nami. Jibu likabaki lilelile.

Maana yake ni moja: ni wewe utakayeendesha, au hakuna safari.

Nami siogopi hilo, na nitakwambia kwa nini. Barabara husomwa kwa macho kwanza, na macho yako yanaona panya kwenye kioo cha nyuma. Wasiosikia kabisa wanaendesha duniani kote. Kilichonichoma ni kile kikasha ndani ya mkoba. Umevaa miwani tangu nikujue! Ni mwanafunzi yupi aliyekimbia akisema, “Simtaki mwalimu huyu, macho yake yana vioo”? Sikio lilikosa nini ambacho jicho lilipewa? Ni nani aliyeamuru kwamba macho yasaidiwe hadharani na masikio yasaidiwe kwa siri? Huo ni ubaguzi wa viungo, Shangazi, na umeuanzisha mwilini mwako mwenyewe!

Nimemaliza. Mwenzangu wa chumbani amepiga makofi kutoka kitandani.

Kipaza, dereva asiye na gari


22 Aprili

Kipaza,

Baba yako na bibi yako wanakusalimu. Viza imetoka.

Hotuba nimeisoma. Ni nzuri. Sivivai.

Lakini kwa kuwa umeungama, nami nitaungama kidogo. Wanafunzi hunichukua asubuhi na kunirudisha jioni, wao usukanini. Mimi maisha yangu yote ya kazi nimekaa kushoto. Miguu yangu inajua breki na klachi. Mafuta ni ya mwanafunzi. Kushika usukani mwenyewe, barabarani, peke yangu, sikumbuki mara ya mwisho. Mama Breki anaogopa. Umeipata siri hiyo ya pili, nayo iweke pamoja na ya kwanza.

Nakuja hata hivyo. Mgeni hakuuliza kama njia ni rahisi.

Shangazi yako


3 Juni

Shangazi mpendwa,

Natumaini ndege ile kubwa isiyoimba imekufikisha salama, na kwamba nyumba nzima imekupokea kwa vifijo. Mwambie baba kwamba koti alilonishonea limenienea. Mwambie bibi kwamba maji yameyeyuka. Chumba changu ni kitupu bila wewe; mwenzangu anasema hajawahi kusikia ukimya mkubwa kama huu, na anautaka uendelee.

Nakuandikia kwa sababu tumecheka siku zote zile na hatukuandika lolote, na mimi sina imani na mambo yasiyoandikwa.

Sitayasahau yale maegesho. Yule mwenye tai ametukabidhi ufunguo, tumelizunguka gari, umemwonesha mkwaruzo chini ya taa ambao yeye mwenyewe hakuujua, amekuandikia kwa heshima. Kisha mimi na wewe tukaelekea mlangoni, na tukagongana. Wote wawili mlango wa kushoto! Mimi kwa kuwa nimefundishwa huku, dereva hukaa kushoto. Wewe kwa kuwa maisha yako yote umekaa kushoto kama mwalimu. Tukatazamana. Yule mwenye tai akauliza nani kati yetu ndiye dereva, nasi tukajibu kwa pamoja, “Mimi!” nusura achukue ufunguo wake.

Ndipo ukaingia. Ukakaa. Ukautazama ule usukani mbele yako kama mtu aliyerudi nyumbani akakuta fanicha imehamishwa. Ukasema, “Kiti ni changu. Usukani ndio uliohama.” Na tangu hapo sikuiona tena hofu usoni mwako.

Isipokuwa kwenye taa ya kwanza! Ikawa kijani. Ukasema kwa sauti ya uwanjani, “Haya, mafuta taratibu.” Gari halikwenda. “Mafuta, nimesema!” Nyuma watu wanapiga honi, wewe huwasikii, unangoja utiiwe. Nikakugusa bega nikakwambia, “Shangazi, mwanafunzi leo ni wewe.” Ukacheka mpaka taa ikawa nyekundu tena. Na mimi nilikuwa nimekaa kulia, mguu wangu ukitafuta breki sakafuni kila kona, nikaelewa kwa mara ya kwanza kazi uliyoifanya miaka yote: kukaa mahali pasipo na usukani na bado kumfikisha mtu.

Ulinifundisha mengi njiani. Kuzima injini kabla ya kutoa darubini. Kuliacha gari liwe banda letu la kujifichia, kwa kuwa ndege huhofia mtu lakini haoni ubaya wa bati. Naam, nimeliandika: gari lina faida moja. Umoja usijue.

Kuhusu yaliyotokea juu majabalini sitaandika. Nilikuwapo, lakini ni yako. Ukitaka, utaniandikia wewe.

Mwanao,
Kipaza


17 Novemba

Kipaza wangu,

Salamu za nyumba unazijua, maana siku hizi tunasalimiana kila Jumapili kwa simu na gumzo letu baba yako anasema linamharibia mishono. Lakini kuna jambo ambalo sikulisema kwenye simu hata mara moja, nawe hukuliuliza, na nimeona. Nilikuwa namngoja mtu fulani afike ndipo nikuandikie.

Tulifika mwisho wa barabara ya lami, tukapanda ile ya changarawe, nikazima injini kando ya ukuta wa mawe. Akatokea. Nilimjua kwa mkia kabla sijamjua kwa koti, na koti lenyewe, mwanangu, sikuamini: kichwa buluu, kifua chungwa, mgongoni kiraka cheupe. Huyu ndiye aliyekuwa akikaa juu ya pipa langu kwa nguo za kazi! Akapanda hewani, akatandaza mabawa, akafungua mdomo. Nikaliona koo lake likitetemeka. Sikusikia kitu. Ilikuwa kama kumtazama mtu akizungumza nyuma ya kioo kilichofungwa. Nikateremsha dirisha. Lilikuwa limeteremshwa tayari.

Nikakugeukia. Nilijua utaanza. Nilikuwa nimejipanga kukukatalia: haki za masikio, ubaguzi wa viungo, yote. Ungesema neno moja tu ningegoma, ningeliwasha gari, na tungerudi mjini nikiwa nimeshinda.

Hukusema. Ulikuwa unamsikiliza, mdomo wazi, machozi yanakutiririka, na kwa mara ya kwanza tangu uzaliwe hukuwa na la kusema. Nikajiuliza: ni sauti ya namna gani hiyo inayomnyamazisha Kipaza? Nikaona uchungu wa kuikosa umezidi aibu ya kuitafuta. Nikafungua mkoba.

Cha kwanza nilichosikia ni koti langu likichakacha. Cha pili, wewe ukivuta kamasi kwa kishindo. Kisha akaingia yeye. Niliwahi kudhani atakuwa na sauti kali, ya filimbi ya trafiki. Kumbe ni laini, inamwagika na kupanda, inajikatiza, inaanza upya mahali pengine, kama mtu anayesimulia safari ndefu na kila mara anakumbuka jambo alilolisahau. Nami nilijua baadhi ya yale anayoyasimulia. Vumbi limo. Pipa limo.

Basi hayo ndiyo yaliyotokea. Na sasa habari za uwanjani.

Navivaa. Siku ya kwanza mwanafunzi mmoja, kijana wa duka la simu, akanikodolea macho. “Mwalimu, ni vya nini hivyo masikioni?” Nikamwambia, “Ni vya kuisikia klachi unayoiunguza.” Anaachia klachi vizuri tangu siku ile. Hakukimbia mtu. Fundi amekuja kunitaka radhi kwa maneno yake kuhusu ile klachi. Nimemtaka radhi mimi, kisha tukabadilisha klachi. Baba yako nilimwambia mwenyewe. Kasema, “Kwa hiyo hayakuwa maringo?” Nikamjibu kwamba maringo yapo, yana daktari wake.

Asubuhi hii, Mgeni amerudi. Amekaa juu ya pipa, koti amelivua, vumbi limemjaa, mdomo kaufumba. Yule kijana wa duka la simu akamwonesha mwenzake, akamwambia, “Huyo ndege ni bubu, muulize Mwalimu.” Wakanitazama wote wawili, wakingoja.

Nikamwambia kijana atie gia ya nyuma, arudi polepole, na asimguse yule anayepumzika.

Shangazi yako